Jinsi ya kupiga picha gari ya zamani ionekane inatembea, sio imepaki

Ukipitia picha za gari za zamani tunazopiga huku kwetu, Peugeot 404, Beetle, Land Rover za Series, Datsun za pikapu, unakuta karibu zote ni ile ile: gari imeoshwa, imepaki kwenye kivuli, mwenyewe kasimama pembeni mkono juu ya boneti, basi imeisha. Sio mbaya, ni kumbukumbu ya familia, lakini hizi gari uzuri wake mwingi unauona zikiwa barabarani, zinavyonesanesa, zinavyolala kwenye kona, dereva kashika usukani ule mwembamba mkubwa na kiwiko kiko nje ya dirisha. Sasa hapa ndo tunaelekezana namna ya kuuingiza huo mwendo kwenye picha ambayo yenyewe haisogei.

Jambo moja niliseme mapema kabisa maana wengi wanapotelea hapo: usitafute kasi, tafuta mwendo. Mtu anachukua 404 ya mzee wa watu, gari ambayo kila Jumapili inaenda kanisani na kurudi, anaipiga mpaka barabara nzima imegeuka mistari mitupu kama ipo mashindanoni, na mtu yeyote anayeijua hiyo gari anacheka. Ionekane inaenda vile inavyoenda kweli, kilomita 30, 40 kwa saa, haina haraka na wewe. Nikisema hivi simaanishi kwamba kazi imekuwa rahisi, imekuwa ngumu zaidi, maana gari ya pole kuionesha inatembea ni shughuli kuliko gari ya mbio.

Anza na tairi

Ukiiacha kamera kwenye auto saa sita mchana, jua la kwetu hili, yenyewe inachagua shata ya 1/1000 au zaidi, yaani lenzi inapokea mwanga kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde tu, na hapo umeshaua picha. Chukua Peugeot 504, mzunguko wa tairi lake ni kama mita 2 hivi. Ikienda 40 kwa saa inakata mita 11 kila sekunde, yaani tairi linazunguka mara tano na nusu kwa sekunde. Kwa shata ya 1/1000 tairi limezunguka nyuzi 2 tu, jicho halioni kitu, rimu imeganda, ukimwambia mtu hiyo gari ilikuwa inatembea lazima akuombe ushahidi. Kwa 1/250 ni nyuzi 8, bado. Kwa 1/60 ni nyuzi 33 na hapo sasa rimu imeanza kulainika vizuri, na kwa 1/30 ni nyuzi 66, tairi limezunguka kweli kweli.

Mi natumia hesabu ya haraka: chukua spidi ya gari kwa kilomita, ongeza nusu yake, namba unayopata ndo shata. Gari inaenda 40, ongeza 20, shata 1/60. Inaenda 20, shata 1/30. Inaenda 80 unapata 120, weka 1/125. Ukifuata hivyo tairi linazunguka karibu kiasi kile kile kila mara, kwa hiyo hata ukipiga gari tofauti siku tofauti picha zako zinaongea lugha moja. Angalizo, gari nyingi za Kiingereza dashibodi yake inasoma maili, mwenyewe akikwambia anaenda 25 hiyo ni 40 ya kwetu, na spidomita nyingine ilishakufa miaka mingi inacheza tu, bora uweke simu yenye GPS ndani ya gari msome hapo.

Halafu angalia rimu ikoje kabla hujapanga chochote. Rimu za spoku, zile nyaya nyembamba za MG na Jaguar, zinafutika haraka hata kwa 1/125 kwenye mwendo wa 40, kwa hiyo una nafasi ya kupumua. Lakini Beetle yenye kapu la kromu, kile kifuniko cha katikati ya rimu, lililo laini mviringo hata lizunguke vipi linaonekana limesimama tu, maana halina alama yoyote ya kumuonesha mtu kwamba limezunguka! Hapo tairi haliwezi kukusaidia, kazi yote inahamia kwenye mandhari ya nyuma, shusha shata mpaka 1/30 na uchague sehemu yenye vitu vingi nyuma. Watu wengi hawalijui hili, wanahangaika na Beetle siku nzima wanadhani tatizo ni kamera.

Jua letu na shata ndogo

Sasa utakutana na tatizo la pili papo hapo. Jua likiwa wazi, kwa ISO 100 (kipimo cha kamera inavyohisi mwanga) na apecha f/16 (tundu la lenzi, hapo limebanwa sana) mwanga sahihi ni karibu 1/125. Wewe unataka 1/30, shata ndogo inayokaa wazi muda mrefu, picha inaungua, inakuwa nyeupe tupu. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni filta ya ND8, kioo cheusi unachofunga mbele ya lenzi, inapitisha mwanga sehemu moja tu kati ya nane, kwa hiyo ile f/16 kwa 1/125 inakuwa f/8 kwa 1/60, namba nzuri kabisa. Ya pili ni filta ya polaraiza, haikati mwanga mwingi hivyo lakini inaondoa mng'ao kwenye kioo cha mbele na kwenye rangi, dereva anaonekana ndani, ila kromu haisikii polaraiza hata kidogo, bampa itaendelea kukumulika, kwa hiyo usiizungushe ukitegemea muujiza. Ya tatu ndo ya bure, amka mapema. Saa 12 na nusu asubuhi mwanga ni laini, barabara tupu, injini hazichemki, na 1/30 inapatikana bila kununua chochote.

Wa simu msiondoke. Simu nyingi za siku hizi zina sehemu ya Pro ndani ya kamera unayoweza kuweka shata mwenyewe, na kwa kuwa lenzi ya simu haina apecha ya kufunga, mchana utakwama tu. Shika miwani ya jua safi mbele ya lenzi. Nipo serious, inakata mwanga wa kutosha kukutoa kwenye 1/500 kukusogeza huku chini, rangi itayumba kidogo utairekebisha baadaye.

Paningi, yaani kuifuata gari

Hii ndo mbinu mama na nitakaa hapa muda mrefu. Wazo lenyewe ni dogo: kamera inageuka pamoja na gari, kwa hiyo gari inabaki imetulia ndani ya fremu na dunia nzima nyuma yake inapita. Kulifanya ndo mtihani.

Simama sehemu ambayo gari itapita mbele yako ubavu kwa ubavu, sio inakujia. Elekeza miguu yako pale unapotaka kubonyeza, sio pale gari inapotokea, hili ni muhimu sana, halafu geuza kiuno tu kuifuata gari ikiwa bado iko mbali, ili ikifika katikati mwili wako uko umenyooka na umelegea. Ukielekeza miguu kule inakotokea, ikifika mbele yako umeshajikunja kiuno kinakataa na kamera inaruka. Viwiko vibane mbavuni. Vuta pumzi, achia nusu. Chagua kitu kimoja kwenye gari na usikiache, mi napenda kitasa cha mlango wa mbele au kama ni Land Rover ile kona ya kioo cha mbele, weka kidoti cha fokasi hapo na ukigandishe hapo mpaka mwisho. Bonyeza taratibu huku unaendelea kugeuka, na hata shata ikishalia endelea kuifuata gari kidogo, usisimame ghafla, maana anayejiandaa kusimama anasimama kabla hata hajabonyeza bila mwenyewe kujijua.

Kwenye kamera weka ile modi ya shata, kwenye Canon imeandikwa Tv, Nikon na Sony ni S, weka namba yako na kamera itafute apecha yenyewe. Fokasi iwe ile ya kufuata kitu kinachosogea. Piga mfululizo lakini mfupi, picha tatu nne gari ikiwa katikati, sio kuanza kumimina tangu ikiwa mbali mpaka kamera inakwama inaandika kwenye memori kadi wakati gari ndo inapita. Kama lenzi yako ina stebilaiza yenye namba mbili, weka ile ya 2, inatuliza mtikisiko wa juu na chini na kukuachia mwendo wa pembeni. Stebilaiza ya kawaida kwenye lenzi za zamani inaweza kupigana na wewe, unavuta huku yenyewe inavuta kule.

Umbali nao una neno lake. Watu wanadhani ukisogea karibu ndo vizuri, sasa ukiwa mita 4 na lenzi pana, pua ya gari na mkia wake zinaenda mbele ya macho yako kwa pembe tofauti, utapata mlango mkali kabisa lakini taa za mbele zimefifia na buti imefifia. Wengine wanapenda hivyo, mimi kwa gari ya zamani sipendi, maana taa na grili ndo sura yake. Rudi nyuma mita 15 hivi hadi 20, tumia lenzi ya milimita 85 au 135, gari yote inabaki kali. Na usiijaze fremu mpaka pomoni, acha nafasi mbele ya gari kuliko nyuma, ipate pa kwenda.

Kuhusu mandhari, ukuta mweupe mtupu ni bure, anga tupu ni bure, zinafutika na hazionekani kama zimefutika. Unataka vitu vyenye rangi na kivuli vinavyopishana: safu ya miti, maduka yenye mabango, uzio wa nguzo, watu kituoni. Dar ile barabara ya baharini, Ocean Road ambayo sasa inaitwa Barack Obama Drive, miti ikiwa nyuma inatoa mistari mizuri mno, ila ukigeukia upande wa bahari tupu mwendo unapotea. Samora nayo kwa yale majengo ya zamani inafaa asubuhi ya Jumapili, kwanza gari na majengo yanakaribiana umri.

Picha nyingi zitaharibika, kubali tu. Kwa 1/30 hata wazoefu wakipata moja kali kati ya ishirini wanashukuru. Kwa hiyo kama ni mara yako ya kwanza usianze na gari ya mzee wa watu, simama kituoni ufuatishe bodaboda na bajaji kwa 1/125, ukizoea shuka 1/60, kisha 1/30. Bajaji zipo bure na zinapita siku nzima.

Zima ile shata ya kimya

Kamera nyingi mpya na simu zote zinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini badala ya kuifungua yote kwa mara moja. Ukiwa unageuka haraka na kamera, nguzo za umeme na majengo ya nyuma yanalala upande. Kama kamera yako ina shata ya kimya izime, tumia ile ya mitambo inayolia.

Ila sio kila kulala ni ubaya. Mfaransa Jacques Henri Lartigue zaidi ya miaka 100 iliyopita alipiga gari ya mashindano yenye namba 6, gurudumu la nyuma likatoka duaradufu limelalia mbele, na watu waliosimama pembeni wakalalia upande wa pili. Shata ya kamera yake ilikuwa ni upenyo unaopita polepole mbele ya kioo cha kunasia picha, gari ikawahi kusogea kabla upenyo haujamaliza, na yeye alikuwa anageuka kuifuata lakini hakufikia mwendo wake, ndo maana vitu viwili vimelala pande mbili. Ile picha leo ni moja ya picha maarufu zaidi za gari duniani. Kwa hiyo ukitaka ujanja huo kwa kusudi, simu yako inaweza, isipokuwa ujue unachofanya, na ukae nao kwa picha moja tu, albamu nzima ikilala watu watauliza kama kamera ilianguka.

Kuongea na mwenye gari

Nusu ya kazi iko hapa. Wenye hizi gari wengi ni wazee, na gari anaipenda kuliko unavyodhani, kwa hiyo shikamoo kwanza, kaa, muulize historia yake, atakwambia injini ilishafunguliwa lini na nani, sikiliza mpaka mwisho. Ndipo umueleze unachotaka kwa maneno ya dereva, sio ya mpiga picha. Usimwambie "nataka moshen", mwambie "Mzee naomba upite hapa na gia ya tatu, 40, usibadilishe gia wala usikanyage breki mpaka upite ule mti, na usiniangalie mimi, angalia barabara."

Hilo la mwisho lina uzito. Dereva akigeuka kukuangalia na tabasamu, gari inaonekana imepaki hata kama tairi limefutika kabisa, sijui kwa nini lakini macho yetu yanamfuata dereva, akiangalia mbele na sisi tunaenda naye mbele. Na kubadilisha gia katikati kunainua pua na kuiangusha, picha yako inatikisika kwenda juu na chini ambako hakuna paningi ya kukusaidia.

Mwambie ashushe vioo, kiwiko nje. Awashe taa. Kama kuna mama au binti siti ya nyuma na ana mtandio au kanga, ikitoka kidogo dirishani inapepea, hiyo inasema mwendo kuliko filta yoyote, ila isiwe ndefu ya kufika kwenye tairi jamani. Na usimpitishe mzee mara hamsini, gari hizi rejeta zake zimechoka, kwenda na kurudi kwa gia ndogo bila upepo inachemsha, kila baada ya mizunguko michache zimeni mpumzike, angalieni picha pamoja. Akishaona ile ya kwanza iliyotoka vizuri atakupitishia mpaka jioni mwenyewe.

Kona, ambazo hakuna anayezitumia

Gari za zamani springi zake ni laini na bodi inalala. Citroën 2CV inalala kwenye kona mpaka unashika roho, 504 nayo inakaa upande mmoja inazama, upande mwingine unanyanyuka. Huo ni mwendo ambao hauhitaji shata ndogo kabisa! Hata kwa 1/250 bodi iliyolala inaonesha gari inakata kona, hakuna gari iliyopaki inayolala hivyo. Simama nje ya kona, yaani upande ambao bodi inalalia, chuchumaa kamera iwe usawa wa taa, na uache tairi la mbele lionekane limekunja. Kipilefti ni mahali pazuri mno kwa sababu gari inazunguka mwendo ule ule na unaweza kumwambia azunguke tena bila kwenda kugeuzia mbali. Ile ya pale Posta yenye Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927, alfajiri Jumapili kabla daladala hazijachangamka, gari ya miaka ya 60 inazunguka sanamu, nashangaa hizo picha hazijajaa mtandaoni. Ukifika hapo simama pembeni barabara ya waenda kwa miguu, sio katikati ya njia, na trafiki akiwepo msalimie na umueleze kabla hajauliza.

Gari kwa gari

Hapa unapanda gari nyingine, mnakwenda sambamba na ile ya zamani kwa mwendo mmoja, 40 inatosha, shata 1/60 kisha 1/30, lenzi ya 35 au 50. Kwa kuwa nyote mnaenda sawa gari inatulia na lami inakimbia chini yake, matokeo yake ni makali kuliko paningi na picha nyingi zinatoka.

Sisi tunaendesha kushoto na usukani uko kulia, kwa hiyo panga hivi: gari ya zamani leni ya kushoto, yenu leni ya kulia imetangulia kidogo, wewe umekaa siti ya nyuma upande wa kushoto kioo kimeshushwa. Hapo unaona pua ya gari, ubavu wa dereva na dereva mwenyewe. Mkigeuza kinyume unapata ubavu wa abiria na dereva amejificha kule. Lazima iwe barabara ya njia mbili kila upande, tupu, asubuhi. Mkanda umefungwa, kamera ina kamba shingoni, na yale mambo ya kukaa kwenye buti iliyofunguliwa miguu inaning'inia, au kujitoa dirishani mpaka kiuno, waachie wanaotaka kufa. Dereva wenu kazi yake ni kuendesha tu, asipewe hata simu ya kushika. Usishikize kamera kwenye mlango maana mtikisiko wa gari unaingia moja kwa moja, ishike mikononi ikiwa inaelea, mwili wako unanyonya mashimo.

Gari isiyowaka

Hii ndo ninayoipenda. Kuna gari nzuri mno ambazo haziwaki, kabureta imekwisha au spea hazipatikani, na bado unaweza kuzipiga zinatembea. Unahitaji mkono mrefu wa aluminiamu wenye vikombe vya kunyonya, unaung'ang'aniza kwenye bodi, kamera inakaa mwisho wake mita mbili tatu nje ikiiangalia gari. Gari na kamera zimekuwa kitu kimoja. Vijana wawili wanaisukuma polepole kwa mwendo wa kutembea, mita 1 kwa sekunde, wewe unafungua shata sekunde 2. Gari imekata mita 2, tairi limezunguka mzunguko mmoja kamili, lami yote imekuwa mistari, gari yenyewe kali haina hata mtikisiko kwa sababu injini imezimwa! Baadaye unaufuta ule mkono kwenye Photoshop, vijana wanajificha nyuma ya buti wakiinama. Hata gari inayowaka ipige hivi hivi imezimwa, sailensa ikianza kutetemesha bodi kamera nayo inatetemeka.

Fanya jioni jua limezama, sekunde 2 mchana haiwezekani bila ND nzito. Sehemu iwe tambarare kweli, na awepo mtu ndani mguu juu ya breki, na ajue kabisa kwamba breki zenye sevo, yaani zinazosaidiwa na injini, injini ikiwa imezimwa zinakuwa ngumu. Na uangalie rangi kabla ya kubandika vikombe, gari iliyorudishiwa rangi juu ya puti nene kikombe kinaweza kuondoka na kipande, muulize mwenyewe wapi bodi ni chuma kitupu. Kioo ni salama zaidi.

Usiku na ndani ya gari

Kwa fleshi jioni, tafuta kwenye menyu ile ya kulipuka mwisho wa shata, sio mwanzo. Ikilipuka mwanzo, gari inaganda kwanza halafu mistari ya taa inaenda mbele yake, inaonekana inarudi rivasi. Ikilipuka mwisho mistari inabaki nyuma, gari imeiacha. Punguza nguvu ya fleshi na uipige kutoka ubavuni, usimmulike dereva usoni. Taa za hizi gari ni njano na hafifu, Beetle za mwanzo umeme wake wote ulikuwa volti 6 tu, kwa hiyo pandisha ISO usiogope.

Ndani ya gari bana kamera katikati ya siti za nyuma kwa mto au mkoba, iguse bodi ili itikisike pamoja na gari, 1/15, dashibodi inakuwa kali na mtaa unapita kwenye kioo. Kama ni 404 yenye gia ya kwenye usukani, subiri mkono wa dereva ukiwa kwenye gia, mkono unafutika vyote vingine vimetulia.

Vumbi

Wakenya hili mnalijua kuliko sisi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, Joginder Singh akaja kuichukua 1965 na Volvo PV544, na tangu 2003 ipo East African Safari Classic ambapo Datsun, Escort na Porsche za zamani zinarudi kwenye vumbi lile lile. Hapo sheria ya shata ndogo inageuka, vumbi lenyewe ndo mwendo, weka 1/500 uone mawe yanavyoruka na tairi lilivyoning'inia hewani. Jua liwe nyuma ya vumbi sio nyuma yako, vumbi linawaka. Simama upande upepo unakotokea, vinginevyo picha ya pili huna, unakohoa tu. Na uwe juu ya kingo, ndani ya kona, usikae nje ya kona ambako gari ikiteleza inakuja.

Maonesho ya gari zilizopaki, kama Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, usipoteze muda katikati ya uwanja. Nenda getini wakati zinaingia na kutoka. Zinakuja 15 kwa saa, kwa hesabu yetu ni 1/20, ni ngumu kwa mkono, chukua stendi ya mguu mmoja uizungushe hapo hapo.

Ukifika kwenye kompyuta

Photoshop ina kuzungusha tairi na kufuta mandhari, na watu wanaitumia kwenye picha za gari iliyopaki. Siwakatazi, ila inajulikana: kivuli chini ya gari kimebaki kali wakati lami pembeni imefutika, nembo ya katikati ya rimu imezunguka kuliko ukingo wa rimu, na dereva hayupo ndani. Mi naishia kunyoosha upeo wa macho, kupunguza mng'ao wa kromu, na kufuta takataka barabarani. Kabla hujaiweka mtandaoni mtumie mwenye gari kwanza ile kubwa kabisa, sio ya WhatsApp iliyobanwa, itume kama dokumenti, na umuulize kama namba ya gari ionekane au uifute, wengine wameshapata wanunuzi wasumbufu mpaka mlangoni kwa sababu ya hiyo namba.